Redio Inawaka, Mbona Kimya? Utatuzi wa Matatizo kwa Anayeanza Redio ya Ridhaa

Wanaoanza redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana kwa redio kwa kupenda na si kwa biashara, huku kwetu huleta malalamiko yaleyale, awe mtu yuko Tanga, Kisumu au Bujumbura. Sisikii kitu. Nasikia kelele tupu. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) iko juu. Nikibonyeza kitufe cha kuongea, redio inazima. Naita, sijibiwi. Na karibu kila anayelalamika ameshaamua kwamba redio yake ni mbovu, ameanza kuuliza bei ya nyingine. Mara chache sana ndivyo ilivyo. Kosa huwa kwenye antena, kwenye kebo, kwenye umeme unaoilisha redio, au kwenye bendi (kundi la masafa) na saa aliyochagua. Redio iwe ya mwisho kushukiwa, na pesa ziwe za mwisho kutoka mfukoni.

Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu inayotokea mara nyingi imetangulia, na ukaguzi usiohitaji kifaa umetangulia ule wa kufungua na kukata. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na redio ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na likirudi tatizo unaanza upya.

Vifaa vinavyotosha: testa ya kawaida ya fundi umeme inayosoma volti, mita ya SWR, mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachokaa mahali pa antena na kumeza nguvu) unaohimili nguvu ya redio yako, na kipande kifupi cha kebo ambacho una hakika ni kizima. Hicho cha mwisho kitakuokolea saa nyingi kuliko vingine vyote.

Jambo la leseni lieleweke kabla ya yote. Kusikiliza ndiyo shule ya kwanza ya kazi hii. Kurusha kunahitaji leseni na alama ya wito (jina la kituo chako hewani), ambayo huanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9X kwa Rwanda, 9U kwa Burundi na 9Q kwa Kongo (DRC). Leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi: Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Majaribio ya kurusha yaliyomo humu yanamhusu mwenye leseni. Ambaye yake haijatoka afanye yale ya kusikiliza, nayo ni mengi. Na kabla hujalipia redio kutoka nje, waulize mamlaka kama aina hiyo inakubaliwa, ili isije ikakwama forodhani.

## "Redio inawaka, lakini sisikii kitu"

Anza na vitufe. Skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mvumo) ikifungwa sana, redio hunyamaza kabisa. Ifungue mpaka usikie mvumo. Kitufe cha RF gain (usikivu wa kipokezi) kikizungushwa chini, sindano ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi unayopokea) hupanda juu na kubaki hapo huku spika ikiwa kimya. Ukiona hivyo, irudishe RF gain hadi mwisho wa kulia. Hakikisha kipunguza mawimbi kimezimwa, na kama redio ina matundu mawili ya antena, hakikisha umechagua lile lenye kebo.

Sasa jaribio la antena. Weka redio kwenye 14 MHz mchana au 7 MHz usiku, kisha chomoa kebo ya antena na uirudishe. Mvumo unapaswa kupanda unapochomeka na kushuka unapochomoa. Usipobadilika hata kidogo, kuna mkato kati ya redio na waya ulioko nje, na mara nyingi mkato huo uko kwenye koneka iliyolihimiwa vibaya. Badilisha kebo kwa kile kipande unachokiamini, hata kama mwisho wake umefunga waya wa mita kumi tu uliorushwa mtini. Mvumo ukipanda, umempata mhalifu.

Antena ikiwa ndani ya nyumba ya mabati, usitafute zaidi. Bati huzuia mawimbi, na antena iliyolala juu ya dari chini ya paa la bati itasikia taa zako kuliko itakavyosikia dunia. Itoe nje, hata ikiwa chini kuliko ulivyotaka.

Sababu inayofuata ni bendi na saa. Saa sita mchana, 7 MHz haifiki mbali kwa sababu tabaka la chini la anga, D, hunyonya mawimbi yake jua linapokuwa kali. Saa nne usiku, 28 MHz mara nyingi imeshalala. Kanuni ya kuanzia ni rahisi: mchana panda 14, 21 na 28 MHz, usiku shuka 7 na 3.5 MHz.

Ukitaka kupima usikivu wako bila kumtegemea mtu, tafuta vituo vya taa za redio, yaani vinavyorusha ishara za kupimia, kwenye 14.100 MHz. Vituo 18 duniani hupokezana masafa hayo, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima huisha kwa dakika 3. Hutuma alama yao kwa Morse, kisha mlio mrefu wa wati 100, halafu wa wati 10, wa wati 1, na wa mwisho wa sehemu moja ya kumi ya wati. Kenya ina chake, 5Z4B, Afrika Kusini ni ZS6DN na Israeli ni 4X6TU. Vipo pia kwenye 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Si vyote huwa hewani siku zote, lakini ukisikia hata kimoja unajua redio na antena yako ni hai. Ukisikia mpaka mlio wa wati 1, acha kuilaumu redio.

Kama yote hayo ni sawa na kimya kinaendelea, na hasa kama kilianza baada ya radi, sehemu ya mbele ya kipokezi inaweza kuwa imeungua. Simama hapo. Mpelekee fundi wa redio za mawasiliano mwenye vipimo. Fundi wa simu hatakuwa navyo.

## "Nasikia kelele tupu"

Sindano imeganda S7 au S9, na hewa nzima ni mvumo, mkwaruzo au mlio kama nyuki. Hili ndilo tatizo kubwa la miji yetu siku hizi, nalo linastahili subira.

Endesha redio kwa betri, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Hilo peke yake linajibu nusu ya swali. Kelele zikishuka, chanzo ni chako. Washa saketi moja moja mpaka zirudi, halafu chomoa kifaa kimoja kimoja kwenye saketi hiyo. Watuhumiwa wa kawaida, kwa mpangilio wa mara wanazokamatwa, ni chaja za simu na adapta za bei nafuu, taa za LED, chaji kontrola na inveta ya sola, kisha king'amuzi, televisheni na pampu ya maji.

Kila mmoja ana sauti yake. Adapta huacha vilima vya mvumo vinavyojirudia kila baada ya kilohezi kadhaa, navyo husogea taratibu kadiri inavyopata moto. Sola hujisaliti kwa saa: kelele zinaanza jua linapochomoza, zinapungua wingu likipita, na jua likizama hewa inakuwa safi ghafla. Anayeniambia redio yake "inapona" kila magharibi, mimi humuuliza kwanza kuhusu paneli zake.

Dawa ya adapta ni kuitupa na kununua nzuri. Dawa ya sola ni ngumu kidogo kwa sababu watu wengi wanaitegemea kwa taa na friji. Njia rahisi ni kuitenga unapokuwa hewani: tenganisha paneli kwanza, ndipo utenganishe betri na kontrola, kwa kuwa kontrola nyingi huharibika zikibaki na paneli bila betri. Ukitaka iendelee kufanya kazi, sokota pamoja waya chanya na hasi kutoka kwenye paneli, zifupishe, na pitisha waya zinazoingia na kutoka kwenye kontrola ndani ya pete za feraiti (huzuia kelele kupita kwenye waya), kila waya raundi kadhaa. Lakini kuliko vichujio vyote, sogeza antena. Mita kumi za umbali kutoka nyumbani hufanya kazi ambayo pete za feraiti haziwezi.

Kelele zisiposhuka nyumba ikiwa imezimwa, chanzo kiko nje. Chukua redio ndogo ya betri yenye AM, tembea mtaani jioni, na usikilize zinapozidi. Zikiongezeka mlangoni kwa jirani, piga hodi. Mweleze kwa utulivu, na mpe taa au chaja nyingine aijaribu kwa gharama yako. Jirani aliyeelezwa vizuri husaidia. Aliyelaumiwa ataiwasha ile taa mchana kutwa.

Zikiongezeka chini ya nguzo ya umeme, na zikitulia mvua inaponyesha, ni cheche kwenye nyaya au vikombe vya nguzo. Ukanda wa pwani unazijua sana kwa sababu ya chumvi. Simama hapo. Usipande, usitingishe waya wa kushikilia nguzo, usiigonge nguzo kwa nyundo kama wengine wanavyoelekezana. Andika namba ya nguzo na uwapigie TANESCO, Kenya Power au shirika la umeme la kwenu.

Kuna pia mikwaruzo isiyo na mpangilio, inayopasuka na kunyamaza, hasa usiku wa masika kwenye 3.5 na 7 MHz. Hiyo ni radi za mbali, na haina dawa ila kupanda bendi za juu. Eneo la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo aliyeko Mwanza, Bukoba, Kisumu au Kampala asiichukulie mikwaruzo hiyo kama kero tu. Ikizidi kukaribiana, dhoruba inakuja. Chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba kabla ya ngurumo kusikika kwa masikio. Ikiwa ngurumo zimeshasikika, usiiguse kebo kabisa. Ondoka chumbani, na redio iachwe. Kifaa cha kukinga radi na waya wa ardhi ni kazi ya fundi aliyesomea, kwa sababu ardhi ya redio ni lazima iunganishwe na ardhi ya umeme wa nyumba, na ukikosea hapo unaileta radi ndani.

## "Nasikia Ulaya, lakini simsikii mwenzangu wa Arusha"

Wanaoanza huona jambo hili kama uchawi, na wengi hubomoa antena nzima kwa ajili yake. Hakuna kilichoharibika.

Mawimbi ya 14 MHz hupanda, hupinda kwenye tabaka la juu la anga, F, na kushuka mbali, mara nyingi zaidi ya kilomita elfu moja. Kati ya mahali yanapoishia mawimbi ya ardhini na mahali yanaposhuka yale ya angani kuna eneo la kimya. Dar es Salaam hadi Arusha kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 480. Nairobi hadi Mombasa ni kama 440. Miji hiyo imeangukia katikati ya kimya hicho. Ndiyo maana Mtaliano anakusikia vizuri na mtani wako hakusikii.

Dawa ni 7 MHz mchana, na dipoli (antena ya waya yenye pande mbili sawa, kebo katikati) iliyofungwa *chini*, mita 5 hadi 8 tu kutoka ardhini. Mawimbi yatapanda karibu wima, kama mpira wa maji ulioelekezwa juu, na kurudi kuizunguka nchi nzima bila kuacha pengo. Vitabu vingi vinasifu antena ndefu kwenda juu, na kwa mawasiliano ya mbali ni kweli. Kwa kumpata mtu wa mkoa wa pili, ile ya chini inashinda. Usiku ukiingia sana, hata 7 MHz huanza kuruka mbali. Hapo shuka 3.5 MHz.

Malalamiko mengine mawili ya aina hii si hitilafu. La kwanza ni sauti inayotetemeka kama inatoka chini ya maji, jioni, kwenye 28 au 50 MHz, ikitoka nchi za Mediterania. Hayo ni mawimbi yanayovuka ikweta, zawadi ya watu wa latitudo zetu, na huvuma zaidi miezi ya Machi na Septemba. La pili ni 28 MHz iliyokuwa tele kisha ikaadimika. Jua lilifikia kilele cha mzunguko wake wa 25 karibu na mwaka 2024. Kadiri linavyotulia, bendi za juu zitazidi kuwa chache na 14 na 7 MHz ndizo zitakazokulisha.

## "SWR iko juu"

Kwanza hakikisha mita haidanganyi: weka mzigo bandia mahali pa antena. Isome 1:1 au karibu. Kisha peleka mzigo bandia mwisho wa kebo, kule inakofungwa antena. SWR ikipanda sasa, kebo au koneka zake ni mbovu. Ikibaki chini, tatizo ni antena yenyewe. Kwa hatua hizo mbili umeshagawa uwanja.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni urefu. Dipoli ya nusu wimbi huanza na hesabu ya 143 ugawe kwa MHz: kwa 7.1 MHz ni kama mita 20.1, yaani mita 10 na kidogo kila upande. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu, kwa sababu paa la bati, ukuta na mti vilivyo karibu huibadilisha. Pima SWR mwanzo, katikati na mwisho wa bendi. Ikiwa inashuka kadiri unavyoteremka masafa, waya ni mrefu. Ikiwa inashuka kadiri unavyopanda, ni mfupi. Chukua masafa ambayo SWR ni ndogo kabisa, zidisha kwa urefu ulionao, gawa kwa masafa unayotaka. Mfano: waya wa mita 20.4 unaopendelea 6.95 MHz, nawe unataka 7.1 MHz, uwe mita 19.97. Unapunguza kama sentimita 21 kila upande. Usikate, kunja ncha irudi nyuma na uisokote kwenye waya, pima tena, ukiridhika ndipo ukate.

Ya pili ni maji na chumvi. SWR inayopanda siku za mvua na kushuka juani inasema koneka imeingiwa na maji. Zanzibar, Mombasa na Dar, shaba isiyofunikwa hugeuka kijani na msokoto wa kebo hugeuka mweusi. Funga koneka kwa utepe wa mpira unaojigandisha, juu yake utepe wa kawaida wa fundi umeme, na acha kebo ining'inie kitanzi kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke hapo.

Ya tatu ni waya uliokatika. SWR iliyokuwa nzuri jana na leo imepaa haihitaji hesabu. Toka nje ukaangalie. Aliyefunga antena kwenye mnazi anajua: mti unayumba, waya hauyumbi, unakatika. Pitisha kamba kwenye roda na uning'inize jiwe upande wa pili, mti uyumbe utakavyo.

Nami nitaongeza onyo ambalo wengi hawalitarajii: SWR iliyo nzuri *kila mahali*, kwenye bendi zote, si habari njema. Antena ya waya haina tabia hiyo. Kebo ndefu au iliyooza hula nguvu kwenda na kurudi, na mita inaona kidogo tu kinachorudi. Mita 30 za kebo ya RG-58 kwenye 145 MHz hupoteza takriban robo tatu ya nguvu yako njiani. Kwenye 7 MHz kebo hiyohiyo inavumilika.

SWR ya 2:1 hurudisha kama asilimia 11 ya nguvu na redio nyingi huivumilia. Ya 3:1 hurudisha robo nzima. Acha kurusha mpaka uirekebishe.

Simama na uite mtu mwingine ikiwa kurekebisha antena kunahitaji kupanda mnara, au ikiwa mlingoti ukianguka upande wowote unaweza kufika kwenye nyaya za umeme. Umbali kutoka kwenye nyaya hizo uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa mlingoti. Ikiwa huo umbali haupo, mlingoti usisimamishwe hapo, hata kama uwanja wote uliobaki ni mdogo. Watu wamekufa kwa hili.

## "Nikibonyeza, redio inazima"

Redio ya wati 100 huvuta karibu ampea 20 unapoongea. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, kuzidi au kupungua asilimia 15, yaani chini ya volti 11.7 hivi hujizima au hupotosha sauti.

Kosa la kwanza ni waya mwembamba. Mita 3 za waya wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, kwa ampea 20, hupoteza karibu volti moja na nusu. Betri yenye volti 12.4 inaifikishia redio chini ya 11. Waya wa milimita 6 za mraba kwa umbali huohuo hupoteza chini ya volti 0.4. Weka testa nyuma ya redio, si kwenye betri, kisha rusha na uangalie: hapo ndipo ukweli unaonekana.

Kosa la pili ni betri iliyochoka. Ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. La tatu ni kishikio cha fyuzi kilichopata kutu na kupata moto. Ukikigusa kikakuunguza, kibadilishe.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi, usifunge kwa waya. Na fyuzi iwe karibu kabisa na ncha ya betri, maana betri ya gari ikigusana chanya na hasi inaweza kuunguza nyumba.

Simama ikiwa shaka iko ndani ya pawa saplai ya umeme wa ukuta, au ndani ya kikuza nguvu cha valvu. Kapasita zake hubaki na umeme baada ya kuchomolewa, na valvu hufanya kazi kwa maelfu ya volti. Hakuna jaribio la anayeanza humo ndani.

## "Nikiongea, kompyuta inaganda na maiki inaniwasha midomo"

Mawimbi yanarudi chumbani kupitia upande wa nje wa kebo. Hutokea zaidi antena ikiwa haijasawazishwa, yaani upande mmoja mfupi, au kebo ikishuka sambamba na waya badala ya kushuka kwa pembe mraba. Weka pete ya feraiti na uzungushe kebo raundi kadhaa pale inapoungana na antena, na nyingine karibu na redio. Punguza nguvu uone kama dalili inaisha. Ikiwa antena iko mita mbili tu juu ya kichwa chako, isogeze. Hilo ni suala la afya yako pia, na la wanaolala chumba cha juu.

## Redio ya mkononi: "Nabonyeza, ripita haijibu"

Redio ndogo kama Baofeng UV-5R ndizo wengi wanaanza nazo. Ripita (kituo kinachopokea sauti yako na kuirusha upya mbali zaidi) isipojibu, kwa kawaida toni (mlio mdogo wa kuifungua) haijawekwa, au masafa ya kurushia hayajatofautishwa na ya kusikilizia. Katika ukanda wetu, bendi ya 145 MHz kwa kawaida hutumia tofauti ya 600 kHz kushuka. Mwulize mwenye ripita vyote viwili.

Vikiwa sawa, ni umbo la ardhi. Mawimbi haya huenda kwa mstari wa macho. Antena iliyo mita 1.5 kutoka ardhini huona kilomita 5 hivi hadi upeo wake. Iliyo mita 25 huona kilomita 20. Jumlisha ya kwako na ya mwenzako. Panda ghorofani au kilimani kabla hujanunua redio ya wati zaidi. Ukinunua antena ndefu, kumbuka UV-5R ina koneka ya dume kwenye redio, wakati chapa nyingine nyingi zina jike.

Redio hizi hufungua pia masafa ya polisi na walinzi. Kuweza kwake si ruhusa. Kaa ndani ya 144 hadi 146 MHz na bendi nyingine zilizoandikwa kwenye leseni yako.

## "Naona mawimbi ya FT8, lakini hakuna kinachosomeka"

Saa. FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa redio na kompyuta, hupokezana kila sekunde 15, na saa ya kompyuta ikikosea zaidi ya sekunde moja mambo huharibika. Ilinganishe kwa intaneti au GPS. Kisha hakikisha redio iko USB (upande wa juu wa wimbi, si tundu la kompyuta), hata kwenye 7.074 MHz, na kwamba sauti inayoingia kwenye programu haijazidi.

Dalili yake ndugu ni mawasiliano yasiyothibitishwa kamwe. Logi (daftari la mawasiliano) huandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele yake Tanzania, Kenya na Uganda, na juu ya hapo tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa tatu asubuhi ya hapa ni 0600 UTC. Weka saa ya pili mezani, ya UTC, na uandike hiyo tu. Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo wako saa mbili mbele, kwa hiyo wasinakili hesabu ya Mtanzania.

## "Naita, sijibiwi"

Sauti yako ikisikika kama ya bata kwa wengine, umechagua upande usio sahihi: chini ya 10 MHz sauti ni LSB (upande wa chini), juu yake ni USB. Ikiwa unamsikia Mmarekani kwenye 7.25 MHz, usimwite hapo. Katika ukanda wetu bendi hiyo inaishia 7.200 MHz. Pengine yeye anasikiliza chini, basi msikilize anasema wapi.

Kama hujui kabisa unafika wapi, fungua kipokezi cha intaneti, kwa mfano kile cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, weka masafa yako, na ujisikilize. Kwa FT8, ramani ya PSK Reporter itakuonyesha nani amekusikia ndani ya dakika chache.

Na ukisikika, jiandae kwa tatizo la upande wa pili. Vituo vya 5H, 9X na 9U ni adimu hewani, vinatafutwa. Mtu anaita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) mara moja kwenye 14 MHz, anajibiwa na ukuta wa sauti, anaogopa na kuzima. Usizime. Ukisikia herufi mbili tu, mfano L na Z, zirudie na umpe nafasi huyo peke yake: "Kituo chenye Lima Zulu, endelea." Wengine wakiendelea kupiga kelele, usimjibu hata mmoja wao mpaka Lima Zulu amalize. Wakizidi, waambie wakuite kilohezi 5 juu ya masafa yako, nawe usikilize huko. Au waite kwa namba iliyomo kwenye alama zao, sifuri kwanza, kisha moja, hadi tisa, na uchukue idadi sawa kwa kila namba. Taja alama yako kila baada ya mawasiliano machache. Ukichoka, sema unafunga, kisha funga kweli.